Herufi za PEFA hazina wastani

Ndugu Mhariri,

Kila inapotoka ripoti ya tathmini ya usimamizi wa fedha za umma, magazeti yetu huipokea kama matokeo ya kidato cha nne. Tumefaulu, tumeporomoka, jirani katupita. Mwandishi anahesabu A ngapi na D ngapi, anazigeuza namba, anagawanya, na kinachopatikana ndicho kinachopanda ukurasa wa kwanza. Naomba nafasi nieleze kwa nini hesabu hiyo haina kichwa wala miguu, na ni kurasa zipi za ripoti hizo zinazostahili wino wenu. Nina neno pia kwa wafadhili, kwa sababu wao walikuwa na kioo chao ndani ya tathmini hizi, kikaondolewa, na sikumbuki gazeti lililouliza kimekwenda wapi.

Tathmini ninayoisema ni ya PEFA, mpango wa kupima matumizi ya umma na uwajibikaji wa kifedha. Ulianzishwa Desemba 2001 na washirika saba: Benki ya Dunia, Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), Tume ya Ulaya, Uingereza, Ufaransa, Norway na Uswisi. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa. Kila mfadhili alikuwa na dodoso lake, na maofisa wa Hazina walewale walijibu maswali yaleyale kwa ujumbe mmoja baada ya mwingine. Mwongozo wa kwanza ulitoka 2005, ukafanyiwa marekebisho madogo 2011, kisha ukaandikwa upya 2016. Huu wa 2016 una viashiria 31 katika nguzo 7, na ndani ya viashiria hivyo mna vipengele 94. Kila kipengele hupewa A, B, C au D.

C katika mwongozo huu maana yake ni kwamba kiwango cha msingi kipo. A ni utaratibu mzuri unaokubalika kimataifa. D iko chini ya msingi, lakini hapo hapo pana mtego: D inaweza kutolewa kwa sababu jambo limepimwa likaonekana baya, au kwa sababu ushahidi wa kulipima haukuletwa. Hii ya pili huandikwa D na kinyota juu yake. Nchi mbili zenye D nne nne zinaweza kuwa tofauti kabisa, moja mgonjwa na nyingine hajaenda kupimwa. Kinyota hicho sijawahi kukiona kimechapwa gazetini.

Kazi yenyewe huanza kwa andiko la awali na hadidu za rejea, ikaundwa timu ya usimamizi yenye serikali na wafadhili, zikakusanywa takwimu za miaka mitatu ya fedha iliyofungwa, halafu watathmini wakakaa wiki kadhaa wizarani. Rasimu hupelekwa kwa wapitiaji wa taasisi zisizopungua nne, Sekretarieti ya PEFA ikiwa mojawapo, ndipo ripoti hupata muhuri wa ubora. Kanuni kubwa ya timu ni moja: maneno hayapewi alama. Mkurugenzi akisema usuluhishi wa hesabu za benki hufanyika kila mwezi, mtathmini mzuri hajibu "asante". Anajibu, "Naomba wa Machi, na tarehe uliposainiwa."

Sasa twende kwenye namba. Kiashiria cha kwanza, PI-1, huuliza kama serikali ilitumia kiasi kile Bunge lilichoidhinisha. Ikiwa matumizi yote yalikuwa kati ya asilimia 95 na 105 ya bajeti, angalau katika miaka miwili kati ya mitatu, ni A. Kati ya 90 na 110 ni B, kati ya 85 na 115 ni C. Kiashiria hiki ndicho mawaziri hupenda kukinukuu, nami nakiona ni dhaifu kuliko vyote kikisomwa peke yake.

Chukua mfano wa kubuni. Bunge limeidhinisha shilingi bilioni 1,000: Afya 300, Elimu 300, Barabara 200, Utawala 200. Mwaka unafungwa Juni 30 na vitabu vinaonyesha Afya ilipata 240, Elimu 280, Barabara 150, Utawala 300. Jumla ni 970, yaani asilimia 97. Hiyo ni A safi.

Fungua ukurasa wa pili, PI-2, unaopima kama fedha zilikwenda kule zilikopangiwa. Hesabu yake ni nyepesi, mtu anaweza kuifanya nyuma ya bahasha. Riba ya deni na fungu la dharura huwekwa kando. Kila fungu linapunguzwa kwanza kwa uwiano wa jumla, hapa 0.97, ili kupungua kwa jumla kusihesabiwe mara mbili: Afya inakuwa 291, Elimu 291, Barabara 194, Utawala 194. Halafu unatafuta tofauti ya kila fungu bila kujali kama ni juu au chini: Afya 51, Elimu 11, Barabara 44, Utawala 106. Jumla ya tofauti ni 212. Gawanya kwa 970, unapata karibu asilimia 21.9. Mwongozo unataka chini ya asilimia 5 kwa A, chini ya 10 kwa B, chini ya 15 kwa C. Hii ni D, kama mwaka wa pili nao uko hivyo. Serikali ileile na mwaka uleule, ukurasa mmoja una A na unaofuata una D. Ukitafuta wastani wa hizo mbili unapata kitu kati ya B na C, na habari yenyewe, kwamba dawa na lami vimegeuka posho na mafuta ya magari, imepotea.

Bado hatujafika kwenye ankara. PI-1 hupima kilicholipwa. Mzabuni aliyepeleka magodoro hospitalini Aprili na hajalipwa hadi Juni 30 hayumo ndani ya ile 970. Tuseme ankara za namna hiyo zimefika bilioni 90. Hizo ni asilimia 9.3 ya matumizi, na PI-22, kiashiria cha malimbikizo ya madeni, inaruhusu asilimia 2 kwa A, 6 kwa B na 10 kwa C. Basi ni C. Lakini angalia jambo hili: kama ankara hizo zingelipwa kwa wakati, matumizi yote yangekuwa 1,060, asilimia 106 ya bajeti, na PI-1 ingeshuka kuwa B. Kwa kutomlipa mzabuni, serikali imejipandisha daraja. Ndiyo maana naomba PI-1 isichapishwe kamwe bila PI-2 na PI-22 pembeni yake.

Malimbikizo hayaanguki kutoka mbinguni. Mfumo wa malipo, uwe Epicor iliyotumika Hazina ya Tanzania tangu 1998 au MUSE iliyoanza kuchukua nafasi yake 2019, haumruhusu mtu kutoa hati ya ununuzi kwenye kasma, yaani kifungu cha bajeti, isiyo na fedha. Deni huzaliwa nje ya mfumo. Simu inapigwa, "Leta, tutamalizana," mzigo unashushwa, hati ya kupokelea inasainiwa, ankara inaingia droo. Au mkandarasi ana mkataba wa miaka mitatu, lakini mfumo umeingiziwa kiasi cha mwaka mmoja tu. Au fedha za robo ya tatu hazikutoka kabisa, kwa sababu tangu 1996 Tanzania imekuwa ikigawa fedha kulingana na makusanyo, na afisa masuuli alikwishaagiza kwa kutegemea bajeti iliyopitishwa. Kwa hiyo ukiona takwimu ya malimbikizo, swali la kwanza si "ni kiasi gani" bali "nani kahesabu na lini". Kipengele cha pili cha PI-22 ndicho kinachopima hilo: A ni kwa anayetoa takwimu za kiasi, umri na aina ya madeni kila robo mwaka, ndani ya wiki nne baada ya robo kuisha. Anayehesabu mara moja kwa mwaka anapata C. Wizara isiyohesabu huonekana haina deni, mpaka wakandarasi waandamane.

Kuna njia mbili za kupata alama ya kiashiria kizima kutokana na vipengele vyake. Ya kwanza, M1, inafuata kiungo dhaifu: kipengele cha chini ndicho kinachoamua, na vilivyo juu yake vinaongeza alama ya kujumlisha tu. Ya pili, M2, inatumia wastani kwa jedwali maalumu. M1 imewekwa pale ambapo tundu moja linatosha kuzamisha jahazi. Mishahara, PI-23, ni M1. Kumbukumbu za watumishi na orodha ya malipo zinaweza kuwa zimeunganishwa vizuri, mabadiliko yakaingizwa kila mwezi, ruhusa za kubadilisha zikawa na wenyewe. Lakini kama ndani ya miaka mitatu iliyopita kumefanyika ukaguzi wa sehemu tu wa orodha ya mishahara, kipengele cha nne ni C na kiashiria kizima ni C+. Wapo wanaolalamika kuwa ni kuonewa. Mimi naona ni haki. Mwezi Mei 2016 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa imebaini watumishi hewa zaidi ya 10,000, na hao hawakugunduliwa na programu ya kompyuta. Waligunduliwa kwa kuhesabu watu vichwa, ofisi kwa ofisi.

Nikipewa ukurasa mmoja tu wa ripoti nzima, nitachagua PI-27, na hasa kipengele chake cha kwanza: usuluhishi wa hesabu za benki. Najua ni jambo kavu. Hakuna waziri anayekata utepe kwa sababu ya usuluhishi. Lakini wizi mkubwa wa fedha za umma, zikiwemo za wafadhili, mara nyingi hupita hapo.

Usuluhishi ni karatasi moja. Juu kuna salio la daftari la fedha kwa tarehe fulani, chini kuna salio la taarifa ya benki kwa tarehe hiyohiyo, na katikati ni maelezo ya kwa nini hayalingani: hundi zilizotolewa ambazo hazijafika benki, mapato yaliyofika benki ambayo hayajaandikwa daftarini, makosa, na mstari ule hatari, malipo yaliyofanywa na benki ambayo daftari halina habari nayo. Mstari huo wa mwisho ukiwa na kitu, kalamu inawekwa chini na simu inapigwa benki siku hiyohiyo. Unaposoma karatasi hii, usitazame salio. Tazama umri wa vitu vilivyo katikati. Hundi ya wiki mbili ni kawaida. Tofauti ya miezi kumi na minne iliyoandikwa "inafuatiliwa" ina mwenyewe anayetumaini kwamba mtu atachoka kuifuatilia.

Mwongozo unatoa A kwa anayesuluhisha akaunti zote hai za serikali kuu angalau kila wiki, ndani ya wiki moja. B ni kila mwezi, ndani ya wiki nne baada ya mwezi kuisha. C ni kila robo mwaka, ndani ya wiki nane. Piga hesabu: mwenye C anaweza kukaa miezi mitano bila kujua kuwa fedha ya siku ya kwanza ya robo imeondoka.

Malawi ilionyesha 2013 mambo yanavyokuwa kazi hiyo isipofanyika. Mfumo wao wa malipo ulijengwa juu ya Epicor, programu ileile ya Hazina yetu ya wakati huo. Septemba mwaka huo mtumishi wa ngazi ya chini alikamatwa na mabunda ya fedha ndani ya gari, na uzi ulipovutwa ukatoka mtandao mzima, ukaitwa Cashgate. Ukaguzi wa kitaalamu uliogharamiwa na Uingereza, ripoti yake ikatoka Februari 2014, uliangalia miezi sita tu, Aprili hadi Septemba 2013, ukakuta miamala yenye mashaka ya zaidi ya kwacha bilioni 13. Mbinu haikuwa ya kichawi. Malipo yaliingizwa kwenye mfumo kwa jina la kampuni ambayo haikutoa huduma yoyote, hundi ikachapwa, ikapelekwa benki, benki ikalipa. Kisha muamala ukafutwa kwenye mfumo. Daftari likasema hakuna kilichotoka, benki ikasema kimetoka. Karatasi mbili zilikuwa zinapingana waziwazi, ila hakukuwa na aliyeziweka juu ya meza moja. Wafadhili walizuia msaada wa bajeti wa takriban dola milioni 150, katika nchi ambayo bajeti yake ilitegemea wafadhili kwa karibu asilimia 40.

Funzo la kiufundi hapo ni kwamba mfumo wa kompyuta uliugeuza wizi kuwa wa haraka, na watu wakaacha karatasi kwa kuamini kuwa mashine inasuluhisha yenyewe. Mfumo wa malipo unajua kile ulichoambiwa tu. Benki ndiyo inayojua kilichotoka. Na anayesuluhisha asiwe yule anayeandaa malipo. Katika ofisi yenye wahasibu wawili, hilo maana yake mmoja akienda likizo, usuluhishi unasubiri au unafanywa na mtu asiyepaswa kuugusa. Akaunti Jumuifu ya Hazina, inayoweka fedha za serikali mahali pamoja, imepunguza tatizo kwa kupunguza idadi ya akaunti, lakini akaunti za miradi ya wafadhili, ambazo wao wenyewe hudai zifunguliwe pembeni, mara nyingi hubaki nje. Mfadhili huyohuyo hurudi baadaye kutushutumu kwa kuwa na akaunti nyingi.

Zipo pia dhambi ambazo herufi hazitaziona, hata mtathmini awe hodari vipi. Msumbiji, mwaka 2013 na 2014, kampuni tatu zilikopa karibu dola bilioni 2 kwa dhamana ya serikali bila Bunge kuidhinisha, na sehemu kubwa ilijulikana hadharani Aprili 2016 tu. Shirika la Fedha la Kimataifa na wafadhili wa bajeti wakasimamisha misaada. PEFA ina kipengele cha uidhinishaji wa mikopo na dhamana, lakini kipengele hicho husoma hati zilizowekwa mezani.

Kalenda nayo inahitaji kusomwa kwa makini, maana hapa nchi inaweza kufuata sheria yake yote ikaishia na C. Tanzania hufunga mwaka Juni 30. Hesabu zinatakiwa kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu (CAG) ndani ya miezi mitatu, yaani Septemba 30, na kwa PI-29, kiashiria cha hesabu za mwaka, hiyo ni A. CAG humkabidhi Rais ripoti kufikia Machi 31, nayo huwasilishwa bungeni katika siku saba za mwanzo za mkutano unaofuata, kwa kawaida Aprili. PI-30, kiashiria cha ukaguzi wa nje, huhesabu tangu mkaguzi alipopokea hesabu hadi ripoti ilipofika bungeni: miezi 3 ni A, 6 ni B, 9 ni C. Septemba 30 hadi katikati ya Aprili ni miezi sita na nusu. C, na hakuna aliyechelewa hata siku moja. Kwa kuwa PI-30 ni M1, C hiyo inakivuta kiashiria kizima hadi C+, hata kama uhuru wa mkaguzi na upana wa ukaguzi vimepata A. Wiki mbili tatu za kalenda ya Bunge ndizo zinazotutenga na B. Ajabu nyingine: hesabu zikichelewa kufika kwa mkaguzi hadi mwishoni mwa Desemba, saa ya PI-30 nayo inaanza kuhesabu Desemba, na kipengele hicho kinapanda kuwa B huku cha PI-29 kikishuka kuwa B. Uchelewaji wa mmoja ni nafuu ya mwenzake.

Kenya wako tofauti. Ibara ya 229 ya Katiba yao ya 2010 inamtaka Mkaguzi Mkuu amalize ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, yaani Desemba 31, na Bunge lijadili ripoti ndani ya miezi mitatu baada ya kuipokea. Kwenye karatasi hizo ni A mbili. Katika utekelezaji, mrundikano wa ripoti kwenye kamati za Bunge lao unajulikana. Kwetu mjadala wa taarifa za PAC na LAAC, kamati za Bunge za hesabu za serikali kuu na za serikali za mitaa, bungeni ulifanyika Novemba, 2022 na 2023, kama miezi saba baada ya ripoti kuwasilishwa. Kipengele husika cha PI-31, kiashiria cha Bunge kuchambua ripoti za ukaguzi, kinasema ndani ya miezi 12 ni C.

Na kwa kuwa tumemtaja CAG, niseme hapa mara moja: hati inayoridhisha ni maoni kwamba hesabu zimeandaliwa sawasawa. Haisemi kwamba choo cha shule kilijengwa kwa bei halali. Halmashauri zinazofanya sherehe kwa "hati safi" zinajua hilo.

Kuhusu shule, kipengele cha tatu cha PI-8 huuliza swali ambalo wizara nyingi hushindwa: kituo cha mwisho, yaani shule au zahanati, kilipokea nini hasa? Uganda ndiyo iliyofanya swali hili lisikwepeke. Uchunguzi wa kufuatilia fedha uliofanywa na watafiti wa Benki ya Dunia ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotoka serikali kuu. Nyingine ilibaki wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini fedha zinazopelekwa kila mwezi wilayani, na shule zikatakiwa kubandika ukutani zilichopokea. Kufikia 2001 kiwango kilikuwa kimezidi asilimia 80. Wataalamu wanabishana ni sehemu gani ya mafanikio hayo ililetwa na magazeti na ipi na mageuzi mengine yaliyokwenda sambamba. Ubishi huo ni wa haki, ila mzazi aliyejua tarehe na kiasi alikuwa na swali la kumuuliza mwalimu mkuu.

Tanzania ilipoanza elimumsingi bila malipo 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, 6,000 zikienda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule na 4,000 zikibaki kwa ajili ya vitabu. Shule yenye watoto 600 ilistahili basi 300,000 kwa mwezi. Hesabu hiyo mjumbe yeyote wa kamati ya shule anaiweza, akishaambiwa kanuni.

Sasa kioo cha wafadhili. Mwongozo wa 2005 ulikuwa na viashiria 28 vya serikali na vitatu vya wao, D-1 hadi D-3. D-1 kilipima kama msaada wa bajeti ulifika kama ulivyoahidiwa: A ilikuwa ni kutopungukiwa kwa zaidi ya asilimia 5, isipokuwa katika mwaka mmoja kati ya mitatu. D-2 kilipima kama wanatoa taarifa za fedha za miradi kwa wakati wa kuandaa bajeti. D-3 kiliuliza ni sehemu gani ya misaada inayopita kwenye taratibu za nchi yenyewe, za malipo, ununuzi, hesabu na ukaguzi: asilimia 90 ni A, 75 ni B, 50 ni C. Wao wenyewe walikuwa wametia saini Azimio la Paris mwaka 2005, wakiahidi kutumia mifumo hiyo zaidi. Mwongozo wa 2016 ulipotoka, viashiria vyote vitatu vilikuwa vimeondolewa.

Naelewa hoja kwamba misaada ya bajeti imepungua na PEFA sasa hutumika hata katika nchi zisizopokea msaada. Pamoja na hayo, kwa nchi zinazopokea, kuviondoa kumeficha chanzo kimojawapo cha D zetu. Oktoba 2014, wakati wa sakata la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, wafadhili wa bajeti wa Tanzania walizuia takriban dola milioni 490 za mwaka wa fedha uliokuwa tayari umeanza. Kudai majibu kuhusu Escrow ilikuwa haki yao, na sehemu ya fedha ilitoka baadaye. Lakini kihasibu, fedha iliyomo kwenye bajeti isipofika Oktoba, mikataba iliyokwisha kusainiwa haifutiki. Inakuwa ankara, ankara inakuwa malimbikizo, na miaka miwili mbele mtathmini anakuja kuipa PI-22 alama ya chini bila safu ya kuandika sababu. Hata msaada usiozuiwa, ukifika Mei badala ya Septemba, unatumika kwa kukimbizana na Juni 30, na ununuzi wa kukimbizana hauna ushindani.

Ombi langu kwa dawati lenu la uchumi ni dogo. Ripoti ijayo ikitoka, nendeni kwenye viambatisho vya mwisho, yanakokaa majedwali ya hesabu za PI-1 na PI-2, fungu kwa fungu, kwa miaka mitatu. Chukueni mafungu makubwa kumi, mchape kilichoidhinishwa na kilichotumika, na chini yake mstari mmoja wa malimbikizo na tarehe yalipohesabiwa. Pembeni wekeni alama ya kipengele cha kwanza cha PI-27, na kinyota chake kama kipo. Kwa upande wa wafadhili, ombeni Hazina safu mbili: walichoahidi kabla ya Julai na kilichofika, mwezi kwa mwezi. Vyote hivyo vinaenea kwenye robo ya ukurasa.

Mhasibu mstaafu,
Dodoma